Vistari Viwili vya Katibu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, mimi huingia chumba cha kompyuta na kuwasha ile ya karibu na dirisha. Hiyo ndiyo isiyozimika ovyo. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba na katibu wa klabu ya ufugaji. Wenzangu wananiita Katibu tu, nami, nisiseme uongo, ninalipenda jina hilo.

Muhula huu klabu yetu ilikuwa inatotolesha mayai thelathini katika mashine ya umeme. Mayai hayo lazima yageuzwe mara tatu kwa siku, la sivyo kifaranga hugandia upande mmoja wa ganda na kufa. Ili tusisahau, Mwalimu wa Sayansi alitufungulia ukurasa katika programu ya kupanga kazi, kama zile wanazotumia watu wa ofisini.

Uandishi wa ukurasa huo una alama zake. Ukitia neno kati ya nyota mbili, herufi zake zinakolea. Ukitia sentensi kati ya vistari viwili, inakatwa mstari katikati. Kwetu sisi kazi iliyokatwa mstari ilikuwa na maana moja: imeshafanywa, usiiguse. Lakini unapoandika huoni hayo yote. Mpaka ubonyeze "Tazama kwanza" ndipo uone ukurasa utakavyotokea. Mwalimu alilirudia jambo hilo hadi tukajua kumwigiza sauti. Mimi nilikuwa nimeacha kubonyeza zamani. Nilijiona nimebobea.

Ijumaa moja nilikuwa na haraka ya kuwahi mazoezi ya kwaya. Niliandika kwa mstari mmoja zamu ya kugeuza mayai Jumamosi na Jumapili. Daftarini mwangu kila kichwa cha habari hukipamba kwa kistari huku na huku, basi mkono ukafuata mazoea yake. Nikabonyeza "Hifadhi" na kutoka mbio.

Zamu ile ilikuwa ya Polepole, mvulana anayekaa nyuma ya shule. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake, na kwa sababu hata salamu huitikia baada ya kufikiri.

Jumatatu asubuhi nilifungua ukurasa, moyo ukanilipuka. Zamu nzima ilikuwa imekatwa mstari. Chumbani nilikuwa peke yangu. Nilifuta vile vistari viwili, nikaweka nyota, nikahifadhi. Nilijiambia kwamba nimerekebisha kosa.

Jumatano Mwalimu alimulika mayai kwa tochi, moja moja. Tisa yalikuwa yamekufa.

"Mwisho wa wiki zamu ilikuwa ya nani?" aliuliza.

Polepole alisimama. "Yangu, Mwalimu. Ila sikuja. Niliangalia ukurasa kwenye simu ya dada, nikakuta zamu imekatwa mstari. Nikajua umeyageuza mwenyewe."

Mwalimu alifungua ukurasa. Zamu ilikuwa pale, imekolea, haina hata mkwaruzo.

"Mbona hapa haijakatwa?"

"Ilikatwa, Mwalimu."

"Kwa hiyo ukurasa umejikata, halafu ukajishona wenyewe?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nimechelewa kidogo.

"Kusahau ninaweza kukusamehe," Mwalimu alisema, "lakini uongo siwezi. Una hadi Ijumaa useme kweli. Usiposema, utatoka kwenye klabu."

Polepole alikaa. Mimi ndiye niliyetokwa na jasho.

Mapumziko nilirudi kwenye kompyuta, maana nilikuwa nimekumbuka kitufe kiitwacho "Historia". Nilikibonyeza. Kila nilichohifadhi kilikuwa humo, kwa jina langu na saa yake: zamu yenye vistari, kisha zamu yenye nyota. Nilitafuta pa kufutia, sikupaona. Nilibadilisha ukurasa nikahifadhi, nikaurudisha nikahifadhi tena, ikaongezeka mistari miwili mingine yenye jina langu. Mwalimu akibonyeza mara moja tu, nimekwisha. Asipobonyeza, amekwisha Polepole. Nilikuwa nimebanwa huku na huku, na hakuna aliyenibana ila mimi.

Nje nilimkuta Polepole ananisubiri.

"Katibu, wewe ndiye uliyeiandika. Hukuiona imekatwa?"

"Sikuangalia," nilijibu.

Alifikiri. "Basi labda ni macho yangu," alisema, akaenda zake.

Angenitukana ningepata nafuu. Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma.

Jioni mama alikuwa anapiga pasi sare yake ya uuguzi. Chakula kilikuwa kimenishinda.

"Mama, mkikosea kuandika kwenye faili la mgonjwa, mnafanyaje?"

"Tunapiga mstari mmoja, maneno yabaki yanasomeka. Halafu unaandika lililo sahihi, unatia saini na saa pembeni."

"Kwa nini msifute tu?"

"Kwa sababu huenda mwenzangu ameshalisoma kosa langu na kutoa dawa. Nikifuta, nimemwacha peke yake." Alisimamisha pasi. "Wewe umefuta nini, mwanangu?"

Nilimweleza yote huku ninalia. Hakunifokea. Alisema tu, "Kesho usingoje kuulizwa."

Kesho yake, mbele ya klabu nzima, nilimwomba Mwalimu afungue "Historia". Alisoma, kisha akavua miwani.

"Nilikosea Ijumaa," nilisema. "Jumatatu nikaficha. Jana nikamdanganya Polepole. Nisamehe, Polepole."

"Kwa hiyo macho yangu ni mazima," alisema.

"Ni mazima."

"Haya, yamekwisha," alisema, na safari hii hakufikiri.

"Na mimi unisamehe," Mwalimu alimwambia. "Nilikucheka kabla ya kubonyeza kitufe kilichokuwa mbele yangu." Kisha akanigeukia. "Zamu za mwisho wa wiki ni zako mpaka mayai ishirini na moja yaliyobaki yaanguliwe. Na ninyi wote mnisikilize. Vile vistari vilituulia mayai tisa, na kila anayefanya kazi hukosea. Lakini kule kuficha kulimfanya mtoto mkweli ayatilie shaka macho yake mwenyewe. Ukikosea, sema mapema, kwa maana kuna mtu kosa lako limeshamfikia."

Hakuna aliyecheka. Jumamosi niliamka mapema kuliko siku zote, nikaenda kugeuza mayai.