Sahani ya Rosine

Waliokula samaki kwenye kilio cha msiba wa Mama Pascaline waliharisha na kutapika, karibu mtaa mzima kando ya mto Lukuga. Léontine, mama wa ofisi ya afya aliyetumwa kutafuta chanzo, aliwapitia kitanda kwa kitanda. Habari ya samaki aliitarajia. Hakutarajia kwamba kila mgonjwa angesema aliyempakulia ni marehemu mwenyewe.

"Njo yeye, ni yeye kabisa, nilimuona," alinong'ona Papa Achille, jirani. "Tulimusema vibaya sana alipokuwa hai. Mama, wewe tafuta microbe zako. Sisi tuko na muzimu."

Léontine akaenda kwa Christophe, mume wa marehemu. Uani, sufuria ya samaki wa mikebuka ilikuwa bado imefunikwa. Hakuna aliyeigusa, lakini mwiko uligonga ndani yake, taratibu, kama mtu anayekoroga.

Aliyekuwa mzima ni Rosine tu, binti mdogo wa marehemu.

"Wewe hukula?"

"Mama ananinyang'anya sahani. Kila nikishika. Anasema, hapana, si hii."

Léontine hakupenda kusikia zaidi. Alichota samaki kidogo wa kupeleka labo kupimwa.

"Papa Christophe, hii yote muzike chini. Leo."

"Ndiyo, Mama."

Alipoondoka tu, Mchungaji Hénoc alifika na waimbaji wake, na walipoanza kuomba harufu ya samaki aliyelala na kuoza ikajaa uani, mwiko ukagonga kwa haraka, na wote wakamwona Pascaline amesimama kati ya sufuria na mtoto wake, akitikisa kichwa, akitikisa kichwa tu, na kadiri walivyopaza sauti ndivyo alivyofifia, huku Rosine akilia, "Musimufukuze mama," mpaka pale aliposimama pakabaki ukuta mtupu.

Mwiko ulinyamaza.

"Sasa chakula kimetakaswa," alisema Hénoc. Sufuria haikuzikwa.

Asubuhi Léontine alimkuta Rosine kwenye mkeka, macho yamezama. Alimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kwa kukosa maji.

"Tulifikiri mama yake anatuua sisi wote," alisema Christophe. Hakuweza kumtazama mtoto.

Rosine alifungua midomo iliyokauka.

"Nilikula polepole," alisema. "Nilikuwa namungojea mama."

Léontine alimtia kijiko cha maji ya chumvi na sukari. Yalitoka pembeni mwa mdomo, yakateremka shingoni. Akachota kingine.