Nafasi ya Mtu Mmoja

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata kaka yake bibi yangu, fundi wa magodoro ya pamba, na kwa kazi hiyo mtaa mzima ulimwita Babu Pamba.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Alikuwa barazani pake, miguu kaikunja, anashindilia pamba kwenye mfuko wa mistari, vumbi jeupe limemkaa kwenye kope. Mama mmoja, aliyekuja kuchukua godoro la binti yake anayeolewa, alilibonyeza kwa ngumi akacheka.

"Babu, wenzio unawalaza wawili wawili. Wewe mwenyewe unalala na nani?"

"Nalala na uzee, mwanangu. Nao unakoroma huo!"

Wakacheka hadi mama yule akajifuta machozi. Kisha akaondoka na godoro lake, na kicheko nacho kikamfuata. Baraza ikabaki na kimya cha pamba, kimya kinachomeza hata sauti ya sindano.

Mkewe alikwisha tangulia mbele ya haki. Binti yake wa pekee aliolewa mji wa mbali, na kila alipopiga simu wimbo wake ulikuwa mmoja. "Baba, chumba chako kipo. Wajukuu wanakuulizia. Njoo." Naye jibu lake lilikuwa moja. "Siwezi kuiacha nafasi, mama."

Nafasi hiyo ilikuwa msikitini.

Zamani, kabla dini haijafika, pale uliposimama msikiti palikuwa na jiwe. Watu walilimwagia unga na damu, wakaliomba mvua, wakaliomba watoto. Dini haikuja kwa upanga. Ilikuja na mfanyabiashara mpole mwenye tasbihi mkononi, akauza, akakopesha, akaoa, akazeeka palepale. Watu wakasilimu, leo mtu, kesho nyumba nzima. Ila jiwe likawaweka njia panda. Wakiliabudu, wamekufuru. Wakilitupa, mwenyewe, yule asiyeonekana aliyekaa ndani yake, ataudhika. Ndipo babu yake Babu Pamba, aliyekuwa mtunzaji wa jiwe, alipotoa shauri lililowaridhisha wote: mwenye jiwe naye asilimu. Wakalifukia, wakajenga juu yake, na katika safu ya kwanza wakamwachia nafasi ya mtu mmoja. Unga basi, damu basi. Nafasi tu. Na mtu wa ukoo ule asimame kando yake daima, amtolee salamu, asije akajiona mgeni.

Ukoo ukapukutika kama majani, akabaki Babu Pamba. Kulia kwake ukuta. Kushoto kwake, nafasi. Kila swala ilipokwisha aligeuza shingo kulia akausalimu ukuta, akageuza kushoto akausalimu upepo.

Alasiri ile palikuwa na imamu mpya, kijana mwenye sauti tamu na adabu zake. Kabla ya takbira aligeuka kuzitazama safu.

"Sogeaneni, ndugu zangu. Jazeni nafasi."

Hakuna aliyesogea.

"Hapo pana mwenyewe, shehe," dobi alinong'ona kutoka ng'ambo ya pengo.

"Yuko wapi?"

"Hatumwoni."

"Msafiri, mgonjwa, au mvivu?"

Nyuma wachache wakacheka, wakanyamaza upesi. Imamu akamwendea Babu Pamba, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, katika nyumba ya Mungu hakuna kiti cha mtu. Umesimama hivi peke yako tangu lini?"

Majibu Babu Pamba alikuwa nayo. Ahadi. Wazee. Jiwe. Lakini yale maneno, peke yako, yalimpenya kama sindano ya godoro, ikaingilia huku ikatokea kule.

"Tangu ujanani," alisema.

"Basi leo pumzika, baba."

Dobi akasogea, huku akitazama chini. Bega la mtu likamgusa Babu Pamba, zito, la moto, lenye harufu ya sabuni na pasi. Alipiga takbira machozi yakimtiririka.

Jioni hiyohiyo alimpigia binti yake. "Nakuja."

"Baba! Kweli?"

"Kweli. Huyo mjukuu wangu anipishe kitanda mapema, mimi sigombanii shuka."

Kesho yake adhuhuri dobi alisimama safu ya nyuma kabisa. Mtu mwingine aliijaza nafasi, naye baada ya swala akatoka bila kuaga, anajisugua mikono kama aliyeshika barafu. Babu Pamba akamfuata dobi kwenye viatu.

"Vipi, mwanangu? Bega langu lina miba?"

Dobi hakucheka. "Nisamehe, babu. Jana nilipokuwa nimesujudu, mtu alinivuka mgongoni."

"Akaenda wapi?"

Dobi akavaa kiatu kimoja.

"Kwako."

Babu Pamba alirudi nyumbani, akazikunja kanzu zake, akaifunga mashine ya kushonea kwa kamba. Jua la alasiri liliingia mlangoni likalala sakafuni. Kwa kuwa gari halingojei mtu, akaamua kuswali hapohapo. Akatawadha uani, akatandika mkeka, akaswali.

Akageuza shingo kulia. Akasalimu.

Akageuza shingo kushoto. Akasalimu.

"Wa alaykumu salamu."

Sauti haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililotisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeitikia kimoyomoyo maisha yake yote, leo kasikika.

Babu Pamba akatazama huku na huku. Chumbani hakuna mtu. Juu ya saruji, nyayo zake mwenyewe, mbichi kwa maji ya udhu, zilitoka uani mpaka kwenye mkeka. Kando yake zilikuwapo nyingine. Ndefu. Nyembamba. Zimesimama kushoto kwake, na hazikuonyesha zilikotoka.

Vidole vimeelekea mlangoni. Visigino vimeelekea kibla.

Hapo akaelewa. Mwenye jiwe hakutazama walikotazama wao, hata siku moja. Miaka yote hiyo, yeye ameinamisha macho mahali pa kusujudia, kando yake kulikuwa na uso uliogeuka. Ukimtazama.

Akanyakua mfuko. Mlango uko wazi. Nje mtu anauza maji, watoto wanagombania mpira, honi inalia. Akainua mguu.

"Sogea."

Kwa unyonge. Kama mtu mwenye baridi.

"Binti yangu ananingoja," alinong'ona.

"Sogea."

Alitazama mlango, akaona mtaa ambao ulimcheka, ukamheshimu, ukanunua magodoro yake, na jua likizama kila mtu akaingia kwake. Alitazama kushoto. Akawaza jambo ambalo wazee wake, kwa hekima yao yote, hawakuliwaza. Huyu walimpa nafasi. Hakuna aliyempa bega.

Akaweka mfuko chini.

Akasogea.

Binti alingoja kituoni mpaka magari yakaisha, akaja kesho yake na hofu yake. Alimkuta baba yake kwenye godoro lake mwenyewe, amelala ukingoni, karibu aanguke, kama mtu anayempisha mwenziwe. Uso wake ulikuwa mtulivu. Roho ilikwisha toka.

Imamu mwenyewe alisimamia kumwosha, dobi akamsaidia. Walipomvua kanzu wakaacha kazi, wakatazamana.

Kwenye bega la kushoto palikuwa na sugu. Nyeusi, ngumu, inang'aa kwa juu, kama ile inayoota kwenye paji la uso la mcha Mungu aliyesujudu tangu utoto.

"Nilisimama naye mara moja tu," dobi alinong'ona. "Mara moja, shehe."

Imamu akaigusa kwa kidole. "Sugu haioti kwa siku moja," alisema, na sauti yake tamu ilikuwa imekauka. "Hii ni ya miaka."

Wakaendelea, maana maiti hacheleweshwi. Maji yalikuwa ya baridi na mwili ulikuwa wa baridi, mkono, kifua, shingo. Dobi alipofika begani akaondoa kiganja chake haraka.

Pale palikuwa bado pana joto.