Mstari Uliobaki Wazi

Rafiki yangu Mihayo si mtu wa kutunga mambo. Mwaka ule tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa, alikuwa fundi wa injini kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, karibu na Malampaka. Wiki moja injini ilikuwa ikizima kila saa nane usiku, na taa zote zinakufa nayo. Gizani akawasha kibiriti, akafungua daftari la zamu atafute ubovu ulianza lini.

Siku yenyewe aliijua. Aliuona mkanda wa injini unateleza, akaacha mstari wazi bila kuandika, kwa haraka ya kuwahi ngoma. Salu, fundi mwenzake, akapokea zamu bila habari, mkanda ukamkata mkono wa kulia, akafia njiani kwenda hospitali.

"Nisamehe, ndugu yangu," Mihayo alinong'ona.

Injini ilikuwa imenyamaza, lakini mkanda ulisikika ukipiga, pwa, pwa, pwa.

Salu hakuwa amemaliza kisomo cha watu wazima, kwa hiyo alisaini kwa dole gumba la kulia lenye kovu la panga. Kwenye mstari ule ambao Mihayo aliuacha wazi, palikuwa na alama ya dole lile lenye kovu. Akaigusa. Wino ulikuwa mbichi, tena wa vuguvugu.