Namba ya Vyumba Viwili

Kila Jumamosi asubuhi, wanafunzi wa klabu ya ufundi walikutana kwenye chumba cha nyuma cha maabara kutengeneza mtambo wa kumwagilia miche ya shule. Aliyewafundisha alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sabuni, mama mcheshi lakini asiyependa kazi ya kulipua. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa kaka yake, msichana aliyeitwa Chapuchapu. Jina hilo hakulipata bure. Hata chai aliinywa ingali ikimuunguza.

Mtambo uliongozwa na kidhibiti, boksi dogo linaloamua pampu iwake au izime. Kumbukumbu yake imegawanywa vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kina namba, ndiyo anwani yake. Chapuchapu alipewa kazi ya kupanga nini kikae wapi. Rafiki yake, Kimya, alifunga nyaya.

"Umeshachora ramani ya vyumba?" Shangazi alikuwa amemuuliza Jumamosi iliyotangulia.

"Nimeshachora, Shangazi."

Wapi! Hakuwa amechora hata mstari. Kipimo cha maji ya tangi alikipa chumba cha kumi, amri ya kuwasha pampu akaipa cha kumi na moja, kisha akaenda zake kucheza.

Leo walikuta udongo umekuwa tope na miche mingi imelala chali. Pampu ilikuwa ikijiwasha na kujizima yenyewe.

"Kosa ni la nyaya tu," alisema Shangazi kwa ukali. "Kimya, umefunga ovyo. Fungua zote uanze upya. Ikitokea tena, kazi hii nampa mwingine."

Kimya aliinama akaanza kufungua skrubu moja moja, machozi yakimlengalenga. Wenzake wakanong'onezana.

Chapuchapu alikaa mbele ya kompyuta iliyounganishwa na kidhibiti, akakodolea macho vyumba vyake. Kila maji yalipopanda kwenye tangi, chumba cha kumi na moja kilibadilika, ingawa hakuna aliyekigusa. Hapo ndipo alipokumbuka somo. Jibu la ndiyo au hapana linatosha ndani ya chumba kimoja, lakini namba kubwa huchukua vyumba viwili vinavyofuatana. Kipimo cha maji kilianzia cha kumi, kikamwagikia cha kumi na moja, kikaikanyaga amri ya pampu.

Angeweza kubadili anwani moja pale pale, pampu ikatulia, na watu wote wangeamini kwamba nyaya ndizo zilizokuwa mbovu. Alimtazama Kimya akifuta pua kwa mkono wa shati, akaona aibu.

"Shangazi," alisema, "nyaya hazina kosa. Kosa ni langu. Sikuchora ramani. Nilikudanganya."

Shangazi alikuja kutazama kioo cha kompyuta. Akashusha pumzi.

"Kumbe! Na mimi nimemgombeza mtoto wa watu kabla sijaangalia. Kimya, mwanangu, nisamehe."

Wakachora ramani ubaoni. Vipimo vilikaa upande mmoja, kila kimoja na vyumba vyake viwili, na amri zikakaa mbali upande wa pili. Katikati Shangazi aliacha nafasi.

"Mbona vyumba vingine vitupu?" aliuliza Chapuchapu.

"Mkileta tangi la pili, kipimo chake kitakaa wapi? Kichwani kwako?"

Wote wakacheka, hata Chapuchapu. Kisha Shangazi akamgeukia, uso umebadilika.

"Kupanga kunachosha, najua. Lakini ulipokwepa kuchoka wewe, amechoka mwenzako, tena kwa kosa lisilo lake. Anwani tumezirekebisha. Sasa mwombe radhi, hapa hapa, mbele ya waliosikia akilaumiwa."

Chapuchapu alimwendea rafiki yake. "Nisamehe, Kimya. Niliona unalia, na bado nilifikiria kunyamaza."

Kimya akasogea, akampisha nafasi sakafuni.

"Kaa hapa. Nyaya zote nimeshazifungua, na sitazirudisha peke yangu."