Sahani ya Jumatatu

Mkokoteni ulishaondoka na godoro langu, mimi nafuata nyuma na fimbo.

Chumba nilishakabidhi. Ufunguo ulisharudi kwa mwenye nyumba, na mpangaji mpya alikuwa mlangoni na ndoo zake, anasubiri kisigino changu kitoke tu. Kwa hiyo ndugu zangu mnaosoma, mjue kabisa kwamba nyuma hapakuwa na pa kurudi.

Nilikuwa nahamia kwa rafiki yangu. Sote tulimwita Karani.

Mwenyewe ndiye aliyesema, "Mzee Begi, ngazi hizo za kwako zitakuua. Njoo kwetu, chumba cha uani kipo kitupu."

Alisema mara tatu. Tena mbele za watu.

Tukafika. Mvuta mkokoteni akagonga. Akatoka mke wa mwanawe, sare ya kazi mwilini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akanitazama mimi, akatazama godoro. Nikamwambia mimi ni rafiki wa Karani, akageukia ndani.

"Baba, kuna mzee hapa na godoro. Anasema ni rafiki yako. Unamjua?"

Karani alikuwa kwenye kiti chake, palepale dirishani. Hatua nne kutoka niliposimama. Tukaangaliana macho kwa macho.

"Simjui," akasema.

"Karani, ni mimi. Begi."

"Simjui huyu mzee. Funga mlango, mama, utachelewa kazini."

Mlango ukafungwa.

Mvuta mkokoteni akajipangusa jasho. "Sasa mzee wangu, twende wapi?"

Nina miaka sabini na mmoja. Nimeishi miji mpaka hesabu imenipotea, na swali hilo nimeulizwa kila mji. Siku ile ndiyo niliyokosa jibu...

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Tulikuwa watatu. Tulikutana klinikini, kwenye chumba cha mazoezi, kila Jumanne asubuhi. Mimi mguu wa kushoto, lori lilinikanyaga zamani. Bi Fundi, mshonaji, nyonga. Karani, kiharusi kilimpiga kikaondoka na mkono wa kulia.

Mkono wenyewe ulikuwepo, lakini umekaa kwenye paja kama mgeni asiyesema.

Ukutani palikuwa na tangazo: HAIRUHUSIWI KULA HUMU. Basi sisi tukawa tunakula kwa mdomo mtupu. Tuliuita mchezo huo kusoma sahani. Kila mmoja anasema jana kala nini. Ugonjwa marufuku, sahani tu.

Bi Fundi alikuwa anaanza. "Jana nimebadilisha. Asubuhi chai na mkate, jioni mkate na chai."

Mimi nafuata. "Wali wa juzi, na harufu ya nyama ya jirani."

"Hiyo harufu uliila na nini?"

"Na hasira."

Kisha Karani anajiweka sawa kwenye kiti. Ndipo hata wagonjwa wengine wanaacha kunyoosha miguu.

"Wali mweupe," anasema. "Kila punje inajitegemea. Nyama imelegea, meno hayana kazi. Mchuzi mzito, ukichovya kidole kinatoka na soksi. Maharage pembeni. Kipande cha papai, kimekatwa, mbegu zimetolewa. Mkwe wangu yule, jamani, Mungu ampe."

Kila Jumanne hivyohivyo. Tulimeza mate.

Sitawaficha, nilimwonea wivu. Mimi nimekula kwenye vituo vya malori, kwenye maboma ya majengo, kwenye sahani za watu nisiowajua majina. Yeye amekaa nyumbani kwake, anapakuliwa.

Pale klinikini palikuwa pia na ubao. Umepigiliwa vifuniko vya chupa, bomba, komeo, vibano vya kila aina. Wa mkono walifundishwa kufungua kwa mkono mmoja, kuegemeza na kifua, kubana na goti. Daktari wa mazoezi, binti mmoja asiye na mchezo, alikuwa anamwita kila wiki.

"Babu Karani, njoo ubaoni."

"Mwanangu, mimi nilishika funguo za bohari miaka thelathini. Milango arobaini. Leo nifundishwe kifuniko cha chupa?"

Tunacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumanne moja Bi Fundi akamvuta Karani kiuno cha suruali, akapima kwa vidole.

"Hii naipunguza mara ya tatu tangu mwaka uanze. Inchi sita, Karani. Hapa pamehama mtu."

"Mazoezi hayo," nikadakia mimi. "Anataka kuoa."

Karani akacheka. Bi Fundi hakucheka. Kumbukeni hapo.

Sasa turudi kwenye mkokoteni. Nilikwenda kwa Bi Fundi. Ana kibanda cha kushonea mbele na kitanda chake nyuma. Akanipa nafasi chini ya meza ya kukatia vitambaa. Nililala na vipande vya nyuzi masikioni, nakoroga hasira.

"Kuna kitu pale," Bi Fundi akasema.

"Kuna dharau. Alijisifu, nikafika, akaona aibu ya kukaa na hohehahe."

"Mtu aliyesema mwenyewe njoo?"

"Ndio hao."

Jumanne iliyofuata Karani hakuja klinikini.

"Nishike mkono twende tukamwone," Bi Fundi akasema. "Ule mteremko nyonga hii hainifikishi peke yangu."

"Nenda na fimbo."

"Begi."

"Amesema hanijui. Nitakwenda kumsalimu mtu asiyenijua?"

Hakwenda. Hakuweza bila mkono wangu, na mkono wangu niliuweka mfukoni. Jumanne ya pili, kiti kitupu. Ya tatu, kitupu. Mimi nikawa nasema kwa sauti, "Huyo anakula papai."

Alhamisi baada ya hiyo ya tatu, Bi Fundi akanitupia suruali kifuani.

"Yake hiyo. Kama humwendei yeye, ipelekee suruali mwenyewe. Nami nakuja."

Tukashuka ule mteremko pole pole, kiwete na kiwete, kila mmoja anadhani anamshikilia mwenzake. Jua lilikuwa la utosi. Tukagonga, kimya. Mlango haukuwa na komeo. Nikasukuma.

Sebuleni hayupo. Dirishani hayupo.

Tukamkuta jikoni.

Amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, miguu imenyooka. Katikati ya magoti ameibana hotpoti ya chakula. Ile mpya mpya, yenye vibano viwili, kimoja kila upande, ambayo lazima ubane vyote kwa pamoja ndipo kifuniko kiachie. Mkono wa kushoto uko kwenye kibano kimoja. Kile cha pili ameking'ang'ania kwa meno.

Alituona. Hakuachia mara moja... alijaribu mara moja tena, mbele yetu.

Kisha akaegemea.

"Usinitazame, Begi."

Shati lilikuwa linamning'inia kama liko kwenye kamba. Kifuniko kile kilikuwa na alama za meno kuzunguka ukingo wote. Si za siku hiyo tu. Za zamani, zimeshaingia uchafu.

Nikaketi sakafuni. Nikabana pande zote mbili. Kikafunguka.

Kazi ya kufumba jicho, ndugu zangu. Mvuke ukatoka. Wali mweupe, nyama, maharage. Bado cha moto.

Bi Fundi akatafuta kijiko, mimi nikamlisha. Vijiko vinne, akachoka. Akawa anapumua kama amepanda ngazi zangu.

"Kwa nini ulinikana?" nikamuuliza. Ndiyo, nilimuuliza hata pale, na chakula kidevuni mwake. Hasira haina adabu.

"Ungekaa humu, ungeona."

"Ningeona nini?"

"Hiki." Akakigusa kifuniko. "Ungenifungulia, halafu Jumanne ungeisoma klinikini. Ungewachekesha."

Nikafungua mdomo nikatae. Nikafunga. Ningewachekesha kweli.

"Ulitwambia nyumbani mkono mmoja unakutosha," Bi Fundi akasema.

"Nilimwambia na mwanangu. Alikuwa anataka kuacha malori arudi kunishika. Nikasema unanitosha. Akarudi barabarani."

Bi Fundi akamwita jirani, naye jirani akampigia mke wa mwanawe simu kazini. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo, zamu ya mchana mpaka usiku. Alifika na mikono bado imekunjamana kwa maji. Aliiona hotpoti wazi, akamwona baba mkwe wake mapajani mwangu, akakaa chini kwenye kizingiti.

"Kila nikirudi nakuta chakula kipo," akasema. "Chote. Hajagusa. Naye amelala. Nikamwaga, nikapika tena, nikakuta kipo. Ile hotpoti ya kwanza aliimwaga sakafuni, mwaka unaanza. Nikajua kanitupia. Ndipo nikanunua hii yenye vibano, isimwagike."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Alisema, leo sina hamu. Mume wangu akipiga simu anamuuliza, baba unakula? Nakula. Nikasema basi ni mimi tu hanitaki." Akajifuta pua kwa bega. "Kwa sababu Jumatatu anakula. Jumatatu ndiyo siku yangu ya kupumzika, nampakulia mwenyewe. Anakula mpaka anafuta sahani na kidole. Nikasema kumbe anaweza. Siku nyingine ananikomoa."

Jumatatu.

Bi Fundi akanitazama. Nami nikamtazama.

Klinikini ni Jumanne. Kusoma sahani ni kusema jana ulikula nini...

Karani hakutudanganya hata siku moja. Wali ulikuwa wa kweli, nyama ya kweli, papai la kweli, na mbegu zilitolewa. Alikuwa anatusomea sahani ya Jumatatu kwa sababu ndiyo sahani aliyokuwa nayo. Siku sita zilizobaki aliishi kwa kipande cha mkate cha asubuhi na chai ya chupa ile ya kubonyeza kwa kidole. Chakula chake cha moto kikiwa mbele yake, ndani ya chombo asichoweza kukifungua.

Na sisi tuliimezea mate sahani ile.

Tulimpeleka hospitali siku ileile. Wakasema mwili ukikaa hivyo muda mrefu hurudi taratibu, na wa kwake ulikuwa na kiharusi tayari. Siku ya saba alinisogezea mkono wa kushoto.

"Begi, leo nimekula uji. Sukari kidogo. Kijiko cha bati."

"Sahani nzuri," nikamwambia.

"Mbaya," akasema. "Lakini ni ya Jumatano."

Nimewaandikia haya kwa sababu moja. Mkiwa na mzee, au mgonjwa, au rafiki yeyote wa kusimuliana naye, msimuulize amekula nini. Atawajibu, na jibu litakuwa zuri. Kaeni mumwone anakula. Na rafiki akikukana mlangoni, rudi kesho yake ugonge tena, hata kama moyo umevimba. Mimi niligonga baada ya siku ishirini na mbili.

Karani alifariki siku ya kumi na moja hospitalini, asubuhi, kabla ya chai. Alizikwa na ile suruali. Bi Fundi alikuwa ameipunguza tena inchi moja.

Mwanawe aliacha malori. Anaendesha gari la kusambaza mikate, anarudi nyumbani kila siku.

Mkewe bado yuko kwenye kile kiwanda cha kufulia. Alibadilishiwa zamu. Hajazungumza na mumewe vizuri tangu matanga, na mumewe hajui aanzie wapi.

Daktari wa mazoezi ameuhamisha ubao wa vifuniko, sasa uko mlangoni. Huingii kabla hujafungua vitatu.

Bi Fundi alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Anatembea mpaka sokoni. Hajanisamehe zile Jumanne tatu, ila ananishonea bure.

Mimi naishi kwenye kile chumba cha uani. Mkwe wa Karani ndiye aliyenifuata kwa mkokoteni. Saa saba mchana naingia jikoni kula. Hotpoti ipo palepale kabatini, ina alama zake. Chakula changu anakifunika na sahani.