Kiganja Ukutani

Haya yalimkuta fundi mwashi, rafiki wa kaka yangu, ambaye kila amalizapo kazi hubandika kwenye lipu mbichi kiganja chake chenye vidole vinne. "Saini yangu hiyo, haighushiki," hutamba.

Alitumwa kuzibua mlango katika chumba cha chini, mabaki pekee ya jumba la kifahari lililobomolewa zamani. Kila tajiri aliyelinunua aliziba mlango wa mwenzake, akatoboa wake. Fundi akavunja ukuta, akapenya, akakuta mwingine. Taa ikazimika.

"Jamani, mbona mnanizimia taa?" akawaita wenzake waliokuwa nje.

Akajibiwa na mwiko ukipaka lipu, kwaru, kwaru, kule alikoingilia. Akapapasa kurudi. Hapakuwa na mlango, ila ukuta.

Wenzake walimtoa jioni kwa nyundo. Kinachomnyima usingizi ni alama aliyoipapasa gizani kwenye lipu mbichi: vidole vinne, ikamwenea barabara.