Karakana Ilipofungwa

Walikutana kwenye korido ya ofisi ya maji, siku ambayo wateja walijazana hadi mlangoni wakilalamikia mabomba makavu. Fundi wa pampu, ovaroli limejaa grisi, alikuwa akipenya katikati ya watu. Katibu muhtasi wa mkurugenzi alitokea upande wa pili, blauzi nyeupe, sketi nyeusi imepigwa pasi ikanyooka. Wakapigana vikumbo.

“Umenichafua,” alisema katibu.

“Nitakufulia.”

“Kwa maji yapi? Haya mnayotukatia?”

Fundi akacheka. Jioni akampigia simu. Mvua zilipoanza alikuwa akimwita Mama Watoto, ingawa watoto hawakuwapo, na mama mzazi wa fundi alishamzoea kama mkwe.

Fundi aliipenda kazi yake kuliko usingizi. Pampu ikigoma Jumapili, alikwenda bila kuitwa. Ndiyo maana kiwanda kimoja cha sabuni kilipomtaka, alisita.

“Wanataka jibu kesho,” alimwambia katibu kwa simu. “Wewe uko karibu na wakubwa. Husikii lolote kuhusu karakana yetu?”

Wiki ileile katibu alikuwa amechapa uamuzi wa kuifunga karakana na kuwaachisha kazi mafundi wote. Mkurugenzi alimwonya: likivuja, na wewe unaondoka.

“Sijasikia kitu, mpenzi. Baki tu.”

Akabaki. Mafundi walitangaziwa wakiwa wamesimama uani, na afisa utumishi aliyesoma haraka kama mtu anayewahi chakula. Fundi akapanda ngazi moja kwa moja, na grisi zake.

“Ulijua?”

“Nilikatazwa kusema.”

“Sijakuuliza hilo.”

“Nilijua.”

Kwa muda mrefu fundi hakupokea simu za katibu. Kisha siku moja akapokea, sauti laini.

“Tuyamalize, Mama Watoto. Lakini sioi mtu anayekaa mlangoni pa yule bwana. Acha kazi, nilete wazee kwenu.”

Akaacha. Nyumbani walimwona amerukwa na akili. Dawa za baba yake zilitoka kwenye mshahara ule. Akavaa gauni la kijani, akasuka nywele upya, akaenda kwa kina fundi. Alimkuta akila na mama yake.

“Nimeacha kazi,” alisema akitabasamu. “Wazee wanakuja lini?”

Fundi alinawa mikono taratibu.

“Hawaji.”

“Unanitania.”

“Sikuwahi kuwaambia. Nilitaka uone inavyouma, mtu unayemwamini akikuacha utumbukie huku anakutazama.”

Mama aliweka kijiko chini. “Mwanangu, mimi ndivyo nilivyokulea?”

Mama akainuka, akamshika mkono binti yule, akamsindikiza hadi barabarani. Kwenye kona, katibu akauliza kwa sauti ndogo:

“Hasira zikipoa, mama, si atanirudia?”

Mama alimfuta machozi kwa kiganja.

“Namjua mwanangu. Usimngoje.”